Kambale Yupi? Rekodi za Usomi wa Butembo na Beni

Mtu wa mbali akisikia Butembo na Beni, rekodi anazozijua ni za msiba. Mlipuko wa Ebola mkubwa kuliko yote iliyowahi kuikumba Kongo. Mauaji yaliyoanza kuzunguka Beni Oktoba 2014 na kuendelea mwaka hadi mwaka. Sizikani, na humu ndani zitabisha hodi zenyewe. Lakini kuna daftari jingine la rekodi ambalo wageni hawalifungui: la wanafunzi, walimu wao, na kazi zilizofanywa kwa mkono na kwa kichwa katika kona hii ya Kivu Kaskazini. Baadhi ya rekodi nitakazozitaja zina tarakimu na ushahidi wa kisayansi. Nyingine nimezitoa mimi, kwa mamlaka ya mtu aliyekalia viti vya plastiki vya sherehe nyingi mno za kuhitimu.

Kazi ya kale kuliko zote

Tuanze na mwanafunzi asiye na jina. Aliishi Ishango, katika wilaya ya Beni, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Leo mahali hapo pamo ndani ya Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, iliyotangazwa mwaka 1925. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt alikuwa akichimba hapo, akaokota mfupa wa rangi ya kahawia iliyokolea, urefu wake kama sentimita 10, umechomekwa kipande cha kwatzi upande mmoja. Mfupa mzima umechanjwa chale, na chale zenyewe zimepangwa kwa makundi katika safu tatu.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Safu moja ina makundi ya chale 11, 13, 17 na 19. Jumla ni 60. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Jumla tena ni 60. Safu ya tatu inakwenda 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7: jumla 48. Mwalimu wa hesabu akiangalia safu ya kwanza ataruka kitini, kwa maana hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, hakuna iliyosahauliwa. Akiangalia ya pili ataona kumi na ishirini zikiongezwa moja, halafu zikipunguzwa moja. Ya tatu inaanza kwa kuzidisha mara mbili: 3 ikawa 6, 4 ikawa 8.

Mfupa huo una umri wa miaka kama 20,000. Je, ni hesabu kweli? De Heinzelin aliamini hivyo. Alexander Marshack, Mmarekani, aliona kalenda ya mwezi. Wapo wanaosema chale ziliwekwa tu ili mkono usiteleze. Mimi si mwanaakiolojia, ila nimeshika mipini mingi ya majembe na sijaona hata mmoja ambao fundi alijisumbua kuuchanja 11, 13, 17, 19 ili usiteleze.

Teremka kidogo na mto Semliki utafika Katanda, na huko mambo yanakuwa ya kale zaidi. Mwaka 1995 Alison Brooks, John Yellen na wenzao walitangaza kwamba vyusa vya mfupa vilivyochimbuliwa hapo, vyenye meno yaliyochongwa kwa ustadi, vina umri wa miaka kama 90,000. Wavuvi wake walikuwa wakichoma kambare wakubwa. Tarehe hiyo imebishaniwa, maana inavifanya vyusa hivyo kuwa miongoni mwa vyombo vya mfupa vya kale kabisa vya aina yake duniani. Ukikubali hesabu hiyo, basi chuo cha ufundi cha Semliki kilifunguliwa zamani mno.

Mfupa wa Ishango uko Brussels, katika jumba la makumbusho la sayansi asilia. Mwanafunzi wa Beni anayetaka kuuona uso kwa uso anahitaji viza.

Jina lililochukuliwa haraka kuliko yote

Mwaka 1900 Sir Harry Johnston, aliyekuwa akiiongoza Uganda kwa niaba ya Waingereza, alivuka Semliki akafika Beni, ambayo wakati huo wazungu waliiita Fort Mbeni. Alikuwa anawarudisha kwao Wambuti, wenyeji wa msitu, waliokuwa wametekwa ili wakaonyeshwe Ulaya kama sinema. Wambuti hao wakamsimulia habari za mnyama wa msituni aliyefanana na punda, mwenye miguu ya mistari. Johnston hakumwona. Alipata vipande vya ngozi vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda, akavituma London, na mwaka 1901 mtaalamu Sclater akakata shauri kwamba huyu ni aina ya punda milia, akamwita kwa Kilatini farasi wa Johnston. Baadaye Karl Eriksson, afisa Mswidi aliyekuwa Mbeni, alituma ngozi nzima na mafuvu mawili. Kumbe si punda hata kidogo, ni ndugu wa twiga. Jenasi ikabadilishwa ikawa Okapia, kutokana na jina ambalo wenyeji wa msitu walimwita. La Johnston likabaki mkiani mpaka leo: Okapia johnstoni.

Hesabu mwenyewe. Waliomjua mnyama, waliomwinda, waliomweleza kwa usahihi wakati wataalamu wa London wanakosea, hakuna aliyetajwa hata mmoja. Aliyepata mikanda miwili ya ngozi akapewa mnyama mzima. Ndiyo maana nikiwa kwenye utetezi wa kazi za wanafunzi, nikaona mwanafunzi anaulizwa ni nani aliyempa habari zake, masikio yangu husimama.

Mzee wa vyuo, na padri wa kura

Kwa miaka kumi, kuanzia 1971, serikali ya Mobutu ilikuwa imevikusanya vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, chenye kampasi Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Mtoto wa Butembo aliyetaka kusoma alifunga virago. Goma walitangulia katika jimbo letu: chuo kikuu huru cha Waprotestanti, ULPGL, kilianza 1985. Butembo ikafuata 1989, askofu Emmanuel Kataliko alipoanzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, UCG. Graben ni bonde la ufa, na jina hilo la kijiolojia kwa chuo cha kanisa nimelipenda siku zote: halikuazimwa kwa mtakatifu, limetoka ardhini.

Kataliko mwenyewe ana rekodi ya ajabu. Aliongoza jimbo katoliki la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, kisha akahamishiwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Februari 2000 waasi wa RCD waliokuwa wakiishika Bukavu, wamechoshwa na barua zake za kichungaji, walimzuia kurudi kwenye kiti chake wakampeleka Butembo. Yaani walimwadhibu kwa kumrudisha alikojenga, alikokuwa anajulikana kila kona. Aliruhusiwa kurudi Bukavu Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafariki akiwa Roma.

UCG ilimtoa pia mtu aliyeendesha karatasi nyingi za kura kuliko Mkongo yeyote kabla yake. Padri Apollinaire Malu Malu, aliyekuwa rekta wa chuo hicho, alikabidhiwa tume huru ya uchaguzi, na tarehe 30 Julai 2006 nchi ikapiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya 40. Wagombea urais 33. Wagombea ubunge zaidi ya 9,000 kwa viti 500. Waliojiandikisha zaidi ya milioni 25, vituo vya kura karibu 50,000, katika nchi ambayo barabara nyingi zimebaki kwenye ramani tu. Karatasi ya kura za ubunge mjini Kinshasa ilikuwa kama gazeti la kukunjua. Malu Malu alifariki tarehe 30 Juni 2016 huko Dallas, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kongo.

Sikumtaja kwa heshima tu. Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, tume ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura mpaka Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 wakaambiwa wasubiri, na rais akaapishwa Januari bila wao. Basi tarehe 30 Desemba vijana wa Beni na Butembo walijipangia uchaguzi wao. Wakaweka madawati, wakaandika orodha, wakachapa karatasi za kura kwa gharama zao, watu wakapanga foleni. Mjini Beni uwanja wa Kalinda ukawa kituo cha kura. Kura hizo hazikuhesabiwa popote penye nguvu. Lakini ukiniomba nitaje kazi ya vitendo ya sayansi ya siasa iliyokuwa na washiriki wengi zaidi katika historia ya miji hii miwili, nitakutajia hiyo, na haikuwa na mwalimu wa kuisahihisha.

Kipimo kirefu kwa kifaa kifupi

Hii ni yangu binafsi. Mwaka wa kwanza, katika chuo ambacho hakina haja ya kutajwa, wanafunzi wakongwe walinikabidhi njiti moja ya kiberiti wakaniamuru nipime uwanja wa mpira, goli hadi goli. Desturi hiyo ya kuwasumbua wageni imetokea mbali: ilikuja na Wabelgiji, ikakulia Lovanium, chuo kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954, ikasambaa nchi nzima. Mgeni anaitwa bleu, mkongwe anaitwa poil, na kwa siku kadhaa bleu hana haki wala jina. Imekatazwa mara nyingi, tena kwa sababu nzuri, maana kuna mahali iliumiza watu.

Nilifika katikati ya uwanja, kwenye njiti ya elfu moja na kitu, nikapoteza hesabu. Nikawaambia namba niliyoibuni. Waliiandika kwenye daftari kwa uso wa dhati kabisa, na nina hakika ndiyo takwimu yangu ya kwanza kunukuliwa na wasomi. Tangu siku hiyo nikikuta kwenye kazi ya mwanafunzi tarakimu iliyonyooka kupita kiasi, namkumbuka bleu yule na njiti yake.

Ukurasa unaosomwa kuliko zote

Sasa tuingie kwenye chumba chenyewe. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kongo alimaliza miaka mitatu ya kwanza kwa TFC, kazi ya kumaliza mzunguko, kisha miaka ya licence kwa mémoire, yaani tasnifu. Kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022 mfumo mpya wa digrii uitwao LMD umeyapanga upya hayo yote, ila mitaani bado utasikia: fulani anadefandi kesho, yaani anatetea kazi yake. Neno limeshinda mageuzi.

Kudefandi kunaanza siku mbili kabla, kwenye duka la kuchapa. Meza tatu, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayotoa joto kama jiko, kijana mmoja anayejua kurekebisha pambizo na anayeheshimiwa kuliko profesa. Mwanafunzi anaingia na flashi imefungwa kwenye leso. Foleni ni ndefu, umeme ukikatika jenereta inavutwa kamba mara nne, na wote wanaangalia kioo cha kompyuta kana kwamba ni mgonjwa. Nakala zinabanwa kwa waya, jalada la plastiki mbele, kadibodi nyuma. Jumla ya nakala lazima iwatoshe wajumbe wa jiri, yaani jopo la watahini, na moja ya ziada. Hiyo ya ziada ni ya nyumbani.

Nilihudhuria utetezi wa binti mmoja wa agronomia. Kazi yake ilihusu mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kushuka mpaka huku, ukiwaacha watu na mashamba ya majani ya njano. UCG imefanya kazi nyingi juu ya ndizi pamoja na Bioversity International, na hapa hilo si anasa, kwa sababu mgomba ni chakula, ni pombe ya kasiksi, ni ada ya shule. Binti alieleza vizuri: ugonjwa unaingia kwa wadudu wanaotembelea ua dume, na kwa panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine bila kupitishwa motoni. Dawa ni kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, kuchoma panga, na kuliondoa shina lililougua peke yake bila kung'oa tita zima. Akajibu maswali ya takwimu, akatoka jasho, akajibu tena.

Kisha mtahini mmoja akauliza shamba lililofanyiwa majaribio ni la nani, mbona halijaandikwa. Binti akanyamaza. Ni la bibi, akasema, na bibi yuko nje. Bibi alikuwa nje kweli, amekaa kwenye ukingo wa saruji, kitenge kipya, mfuko wa poda mapajani. Mtahini akaandika kitu pembeni mwa nakala yake. Sijui alipunguza alama au aliongeza. Ila kwenye toleo la mwisho, lililosahihishwa, nilionyeshwa ukurasa wa njia za utafiti: jina la bibi lilikuwapo, kamili, pamoja na kijiji.

Na hapo ndipo ilipo rekodi. Katika kazi yoyote ya mwanafunzi wa Butembo, ukurasa unaosomwa kuliko zote si muhtasari wala matokeo. Ni shukrani. Mwanafunzi huanza na Mungu, akashuka kwa wazazi, mkurugenzi wa kazi, msaidizi wake, wajomba waliolipa ada, shangazi aliyempa chumba, kaka na dada zake wakubwa na wadogo zake mmoja mmoja, marafiki wa darasa lake, mpaka mchumba, ambaye mara nyingi huwekwa katikati ya orodha ili asionekane sana. Nakala ya ziada ikifika nyumbani hupitishwa mkono kwa mkono, kila mtu akitafuta mstari wake. Nimewahi kuona ugomvi wa miezi sita ulioanzia kwa mjomba aliyesahauliwa. Ndiyo maana wote huhitimisha kwa sentensi ileile ya kujikinga: wale ambao majina yao hayakuandikwa hapa wasidhani wamesahauliwa. Ningependa kuichonga sentensi hiyo kwa chale, niipeleke Ishango.

Jiri ikirudi kutoka kujadiliana, mwenyekiti hutangaza kiwango. Na lugha yetu ya alama ni lugha ya rekodi tangu zamani: satisfaction, distinction kwa 70 kwa mia, grande distinction kwa 80, na kwa 90, la plus grande distinction, sifa kubwa kuliko zote, iliyo na neno la kuzidi wengine ndani yake. Waliopata hiyo ya mwisho ni wa kuhesabu kwa vidole. Lakini poda haiangalii kiwango. Satisfaction tupu inapakwa poda nyeupe kichwani sawasawa na grande distinction, inatupiwa maua, inavishwa taji za rangi shingoni, inapigiwa vigelegele mpaka walinzi wanakuja kuomba utulivu kwa sababu chumba cha pili mwingine bado anajitetea. Yule binti alitoka mweupe kama aliyeanguka kwenye gunia la unga, bibi akiwa wa kwanza kumwaga.

Utafiti wenye jina la Kiswahili uliofika mbali zaidi

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Katika milipuko yote duniani, ni ule wa Afrika Magharibi wa 2014–2016 tu unaouzidi.

Humohumo, risasi zikisikika na vituo vya tiba vikichomwa, ulifanyika utafiti mmoja wa dawa uliobadilisha historia ya ugonjwa huo. Unajulikana duniani kwa jina la PALM. Wengi wanaolitamka Ulaya na Marekani hudhani ni mti. Ni Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Ulianza Novemba 2018, ukaendeshwa katika vituo vinne, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi ya INRB ya Kinshasa pamoja na Wamarekani wa NIH. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu katika dawa nne. Agosti 2019 wasimamizi waliuvunja mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeonekana: kati ya waliopewa ZMapp walikufa 49.7 kwa mia, waliopewa remdesivir 53.1, lakini waliopewa mAb114 walikufa 35.1, na waliopewa REGN-EB3 walikufa 33.5. Ripoti ilitoka mwaka huohuo katika New England Journal of Medicine, jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi likiwa la Mkongo, Sabue Mulangu. Ile mAb114 yenyewe ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Nimeiweka kwenye orodha ya usomi wa wenyeji ingawa Muyembe si wa Butembo, na sioni aibu. Wauguzi waliokaa zamu wakiwa wamevaa mavazi ya plastiki kwenye joto lile walikuwa watoto wa huku. Waliopona walirudi kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya vituo, kwa sababu wao peke yao ndio waliothubutu kuwabeba. Na tarehe 19 Aprili 2019, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akiwa kwenye kikao katika hospitali ya chuo kikuu, Butembo. Yeye alikuwa mgeni aliyekuja kusaidia. Jina lake linastahili kukaa kwenye ukurasa wa shukrani wa kila daktari anayehitimu mji huo.

Midomo yenye lugha nyingi

Hii nitaipitia haraka. Mwanafunzi wa Beni anaota kwa Kinande, lugha ya nyumbani, anapatana bei kwa Kiswahili, anaandika mtihani kwa Kifaransa. Mwaka 2007 ukaongezeka mzigo wa nne: chuo cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC, kilifunguliwa Beni chini ya David Kasali, na humo masomo huenda kwa Kifaransa na Kiingereza, na wanafunzi hushika pia majembe na kazi za kuhudumia jamii.

Lakini kati ya lugha hizo zote, yenye sifa kubwa zaidi kwenye vyuo vya mbali ni ile inayodharauliwa darasani. Kinande kina vokali saba, Kiswahili tano, na namna vokali hizo zinavyovutana ndani ya neno, pamoja na toni zake, imewaumiza vichwa wanaisimu kwa miongo. Philip Ngessimo Mutaka, mwana wa Kivu Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya toni za Kinande, na mwaka 1990 yeye na Larry Hyman walichapisha uchambuzi wa jinsi Kinande kinavyorudufu maneno ambao unanukuliwa hadi leo. Kwa hiyo kuna mwanafunzi California anayejua kanuni ya neno ambalo mwenzake wa Butembo alichapwa fimbo kwa kulisema shuleni.

Jina linaloitwa mara nyingi kuliko yote

Nimebakiza rekodi ambayo sina shaka nayo hata chembe. Wanande humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira. Mtoto anayebadilisha mkondo, msichana baada ya wavulana au mvulana baada ya wasichana, ni Muhindo. Mtu akitaja jina umeshajua nafasi yake nyumbani kabla hujajua kazi yake.

Sasa fikiria siku ya kutunuku digrii. Misa imekwisha, hotuba zimekwisha, majoho yamepauka kwa jua, mvua ya Butembo inajikusanya juu ya kilima. Katibu mkuu wa taaluma anasogeza miwani anaanza kusoma. Kambale. Kambale. Kasereka. Kambale. Masika. Kambale. Kila akisema Kambale, familia kumi zinainuka na poda mkononi, halafu linafuata jina la pili na familia tisa zinakaa. Baada ya muda watu wanachoka kukaa na kuinuka. Mama mmoja karibu yangu, amebeba taji la maua ya karatasi, alimgusa bega mwanaume wa mbele yake.

"Baba, huyo ni Kambale yupi?"

"Sijui, mama. Wangu alishapita, nilikuwa nimekaa."

Mama akainuka, akafungua mfuko wake wa poda kabisa, akabaki amesimama mpaka orodha ilipokwisha.